Tarehe Iliyofichwa Nyuma ya Salamu

Wanjala alikuwa na mdomo. Hilo halina ubishi. Kwa Wakenya wa Brooklyn Center, kule Minnesota, Marekani, harusi isiyosimamiwa na Wanjala ilikuwa harusi ya watu wasiojipanga. Akishika kipaza sauti, kwanza anamshukuru Mungu. Halafu anawasalimu wachungaji, halafu wazee, halafu akina mama, halafu wageni waliotoka mbali, halafu hata waliotoka mtaa wa pili. Watu wanacheka, wanapiga makofi, pilau inapoa, na hakuna anayelalamika.

Siku za kazi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alifanya kazi Hopkins, mji wa jirani, katika nyumba ya kutunza watu wazima wenye ulemavu. Aliwaogesha, aliwapikia uji, aliwapa dawa kwa saa zake. Mke wake, Jedidah, alifanya kazi jikoni katika hospitali. Walikuwa na binti mmoja, Natasha, wa miaka kumi na miwili. Natasha alielewa Kiswahili chote, hata cha umbea, lakini alijibu kwa Kiingereza tu.

Na Wanjala alikuwa mwanafunzi. Ndiyo, na miaka yake arobaini na miwili! Kwa miaka minne alisomea uongozi wa huduma za afya. Sasa ilibaki kazi moja ya mwisho: kupanga mradi wa kweli, na watu wa kweli, na kuumaliza. Akiufaulu, angehitimu mwezi wa Mei. Kuna kliniki moja iliyokuwa imemwahidi kazi ya kuratibu miradi akishapata shahada. Kazi ya mchana. Jumapili yuko nyumbani. Jedidah alikuwa ameshaanza kuota ndoto za hizo Jumapili.

Mradi wenyewe ulikuwa mzuri. Wauguzi wa kliniki ile wangekuja kanisani kwao kupima watu presha na sukari, bure. Aliyesimamia upande wa kliniki aliitwa Bi. Lund, mama wa makamo wa hapo hapo Minnesota, mwenye maneno machache na tabasamu dogo.

Aliyeufurahia mradi kuliko wote alikuwa Mzee Eliakim. Huyu alikuwa mzee wa kanisa na mshika ufunguo. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na mjane. Aliishi na binti yake Dinah, mwendo wa dakika sita kwa gari kutoka kanisani. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu Krismasi. Dinah alimsihi aende hospitali mpaka akachoka.

"Hospitali siendi," Mzee Eliakim alimwambia Wanjala baada ya ibada, akijisugua kisogo. "Ukiingia kule, wanakutafutia ugonjwa mpaka waupate. Lakini kwa sababu ni wewe, nitapimwa hapa hapa kanisani. Siku yako hiyo."

"Nashukuru, Mzee. Utakuwa wa kwanza kwenye foleni."

Wanjala na kliniki walikubaliana iwe Jumamosi ya mwisho ya Februari. Bi. Lund akaandika tarehe hiyo, na wauguzi wanne wakajitolea siku yao ya mapumziko.

Halafu akina mama wa kanisa wakalia. "Jumamosi? Nani atakuja Jumamosi? Nusu yetu tuko shifti mbili mbili!" Ilikuwa kweli. Wanjala akaona ni heri iwe Jumapili, kesho yake, baada ya ibada. Akakaa kwenye kompyuta akamwandikia Bi. Lund barua pepe. Aliandika kwa Kiingereza safi, na kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Siku ya pili Bi. Lund akajibu: "Asante kwa maneno mazuri! Tutaonana."

Wanjala akamwonyesha mkewe. "Unaona, Mama Natasha? Mambo yameiva."

Jumamosi ile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Wanjala alikuwa kazini Hopkins, anakoroga uji, anapiga mluzi. Simu ikalia. Ilikuwa Bi. Lund.

"Wanjala, uko wapi?" aliuliza. "Tuko mlangoni kwa kanisa. Mlango umefungwa. Tuna dakika arobaini hapa."

Mwiko ukamtoka mkononi. Ukaanguka ndani ya uji, na uji ukamrukia kwenye shati.

"Mlangoni?" akasema. "Leo? Lakini ni kesho! Nilikuandikia kwamba ni kesho!"

Akasikia upepo kwenye simu. Akasikia mtu anapiga miguu chini ili isigande.

"Hukuniandikia hivyo," Bi. Lund akasema polepole. "Uliniandikia kunishukuru."

Wanjala alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatwa. Mungu wangu! Wauguzi wanne, siku yao ya mapumziko, wamesimama kwenye theluji na mashine mikononi. Naye hawezi hata kutoka kwenda kuwaomba msamaha, kwa sababu kuna watu watano wanangoja uji. Mzee mmoja wa pale nyumbani alimuuliza kama kuna mtu amekufa.

Kesho yake ilikuwa mbaya zaidi. Waumini sitini na kitu walibaki baada ya ibada, wamekunja mikono ya mashati, tayari kupimwa. Hakuna muuguzi hata mmoja. Mshereheshaji wetu alisimama mbele, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, maneno yakamkauka. Akasema, "Samahanini. Hawaji." Akakaa chini. Watu wakatazamana. Mzee Eliakim alishusha mkono wa shati lake, akafunga kifungo, akaenda zake nyumbani na kichwa chake.

Jumatatu ikaja barua pepe ya Bi. Lund. Ilikuwa na mistari mitatu.

"Wauguzi hawatarudi mpaka nipate mpango kamili kwa maandishi. Niupate kabla ya Ijumaa, saa sita mchana. Nisipoupata, kliniki itajitoa kwenye mradi."

Wanjala aliisoma mara nne. "Hata salamu hakuna!" alimwambia mkewe. "Hata hujambo! Huyu mama ananichukia. Nimekwisha, Mama Natasha. Bila kliniki hakuna mradi. Bila mradi sihitimu. Na ile kazi basi tena."

Jedidah akaifunga kompyuta. Zile Jumapili zake zilikuwa zinayeyuka mbele ya macho yake. Halafu akasimama, akavaa ndara, akaenda kubisha mlango wa pili.

Mlango wa pili alikaa Bernadetha, Mtanzania kutoka Bukoba, muuguzi wa wodi kwa miaka kumi na mitano. Alikuwa mrefu, mpole, na hakuogopa kumwambia mtu ukweli. Alikuja na miwani yake kichwani na sahani ya maandazi mkononi, kwa sababu alikuwa amesikia kuna mtu anataka kulia.

"Haya, shemeji," akasema akivuta kiti. "Nionyeshe hiyo imeili uliyomtumia."

Wanjala akafungua kompyuta. Bernadetha akashusha miwani, akaanza kusoma. Akasoma. Akasoma. Akachukua andazi. Akaendelea kusoma.

"Shemeji," akasema mwishowe, "mgonjwa yuko wapi humu?"

"Mgonjwa gani?"

"Jambo lenyewe! Hapa juu umemtakia heri. Hapa unaulizia hali ya hewa, na mnakaa mji mmoja! Hapa unamshukuru. Hapa unawashukuru wazazi wake kwa kumlea vizuri. Hao wazazi unawajua?"

"Siwajui," Wanjala alikiri. "Lakini ni heshima."

"Tarehe ndiyo hii hapa, aya ya tano, nyuma ya wazazi. 'Pia, kama hutajali, labda ingefaa zaidi iwe Jumapili.' Shemeji! Hata mimi ninayeitafuta nimeipita mara ya kwanza."

Jedidah akajifunika uso na kanga. Alikuwa anacheka au analia, haikujulikana.

"Sasa nitamwambiaje mtu jambo kabla ya kumsalimu?" Wanjala aliuliza, amekasirika kidogo. "Nimwingilie tu kama polisi? Kwetu hilo ni kukosa adabu."

"Kwetu pia. Ukija kwangu na shida, tutasalimiana mpaka chai iive, ndipo useme. Na hivyo ndivyo ilivyo vizuri. Lakini sikiliza nikwambie kuhusu wodini." Bernadetha akaweka andazi chini. "Mgonjwa akinibadilikia, nampigia daktari. Yule daktari ana wagonjwa ishirini. Nikianza na habari za nyumbani, mgonjwa wangu anakufa mimi bado nauliza watoto hawajambo. Kwa hiyo nasema: mimi ni Bernadetha, chumba namba fulani. Mgonjwa anapumua kwa shida. Imeanza dakika kumi zilizopita. Naomba uje sasa hivi. Mwisho. Nimemkosea adabu?"

"Hapana."

"Nimemheshimu. Nimeheshimu muda wake. Bi. Lund anasoma imeili kwenye simu, anatembea, ana mia moja nyingine. Anaona mistari mitatu ya juu tu. Aliona shukrani, akafurahi, akajibu. Na wewe ukaona jibu, ukafurahi. Mlifurahi wote wawili na hakuna aliyemwelewa mwenzake."

Wanjala alishika kichwa. Miaka minne ya chuo, na darasa la mawasiliano kazini alikuwa amelipita vizuri tu. Alikariri yote kwa ajili ya mtihani. Hakuna siku hata moja aliyofikiri kwamba somo lile lilikuwa linamsema yeye.

"Lakini huyu mama hata jina langu hakuandika," alisema. "Amenichukia."

"Amekupa njia ya kurudi, na siku, na saa. Mtu aliyekuchukia hakupi saa. Chukua karatasi."

Wakakaa mezani. Wanjala akataka kuanza na wiki hii, wafanye nini kwanza. Bernadetha akamkataza.

"Anza na siku yenyewe, halafu rudi nyuma. Funga macho. Ni Jumapili asubuhi. Wauguzi wanateremka kwenye gari. Nini kinatakiwa kiwe tayari?"

"Mlango uwe wazi."

"Nani anaufungua?"

"Mzee Eliakim."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi si saa, shemeji."

"Saa mbili."

"Na asipofika saa mbili?"

"Atafika. Mzee Eliakim hajawahi kukosa."

"Sijauliza kama atafika. Nimeuliza, asipofika?"

Swali hilo Wanjala hakuwahi kulifikiria. Kwao, kumpangia mzee kwamba huenda asifike ilikuwa kama kumwapiza. Lakini akaandika: asipofika kwa dakika kumi, Wanjala ampigie simu. Asipopokea, Wanjala aende kwake. Ufunguo wa pili anao Mchungaji Silas. Wanjala akiondoka, Bernadetha anasimamia mahali pake.

Wakaendelea hivyo hivyo. Meza, nani? Viti, nani? Nani atawaongoza watu? Nani atawapa karatasi ya dalili za kiharusi? Mbele ya kila kazi kulikuwa na jina, siku na saa. Na mbele ya kila jina kulikuwa na jina la pili.

"Sasa la mwisho," Bernadetha akasema. "Kila mtu ajibu kwa maandishi kwamba amepata ujumbe. Wiki moja kabla, siku moja kabla, na asubuhi yenyewe. Kuitikia kwa kichwa kanisani si jibu."

Wanjala aliruka kwenye kiti. "Nimwandikie Mzee Eliakim meseji, halafu nimwambie ajibu? Mara tatu? Dada, unataka niondolewe kanisani?"

"Mweleze sababu."

Usiku huo huo Wanjala hakulala vizuri, lakini Jumanne alimwandikia Bi. Lund. Jedidah alikaa kando yake na kila alipoanza kutaja wazazi, alimkanyaga mguu. Barua ilitoka hivi:

"Bi. Lund, naomba siku mpya: Jumapili tarehe 19 Aprili, saa tatu asubuhi, kabla ya ibada. Kosa la Februari lilikuwa langu. Niliweka tarehe chini sana kwenye barua, na wauguzi wako waliumia kwa baridi. Nawaomba radhi. Mpango kamili umeambatanishwa. Tafadhali nijibu kama tarehe inafaa."

Alipobonyeza kutuma, alihisi ametoka nyumbani bila shati. Baada ya dakika ishirini jibu likaja. "Tarehe inafaa. Mpango ni mzuri sana. Wauguzi wamekubali." Wanjala akakodoa macho. Dakika ishirini!

Kibarua kilichobaki kilikuwa Mzee Eliakim.

"Nikujibu kwa simu?" Mzee alisema Jumapili iliyofuata, na mishipa ya shingo ikamsimama. "Wanjala, mimi nimekwambia hapa, ndani ya nyumba ya Mungu, kwamba nitafungua mlango. Neno langu halitoshi? Umeniona nimeanza kusahau?"

Waliokuwa karibu wakageuka kusikiliza. Zamani, Wanjala angeomba msamaha na kuliacha jambo hapo hapo.

"Mzee, si wewe ninayemtilia shaka," alisema. "Ni mimi. Niliamini nimeeleweka, nikasimamisha wauguzi wanne kwenye theluji. Na wewe ukarudi nyumbani bila kupimwa. Nisipoona jibu lako, sitapata usingizi."

Mzee Eliakim akacheka, cheko fupi la puani. "Haya. Lakini usitegemee barua. Mimi nitaandika neno moja."

"Neno moja linatosha, Mzee."

Wiki moja kabla, ujumbe ukaenda. Jibu: "Nimeuona." Siku moja kabla: "Nimeuona." Wanjala akaweka alama kwenye karatasi yake.

Jumapili tarehe 19 Aprili ikafika. Theluji ilikuwa imekwisha, imebaki michanga na chumvi ya kuyeyushia barafu pembeni mwa barabara. Saa moja na nusu asubuhi Wanjala aliandika: "Shikamoo Mzee. Ni leo. Ufunguo, saa mbili. Tafadhali nijibu." Saa moja na dakika thelathini na moja, simu ikalia kidogo.

"Nimeuona. Navaa viatu."

Wanjala akatabasamu. Mzee alikuwa ameongeza maneno mawili mazima.

Saa mbili kamili Wanjala, Jedidah na Bernadetha walikuwa mlangoni kwa kanisa. Mzee hayupo. Saa mbili na dakika tano, hayupo.

"Wazee hawaharakishwi," Wanjala alisema. "Labda amesimama kununua kahawa. Nikimpigia ataona namfukuza."

Bernadetha aliinua karatasi tu, akaweka kidole kwenye mstari.

Saa mbili na dakika kumi Wanjala akapiga simu. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika.

"Nenda," Bernadetha akasema. "Mimi nampigia Mchungaji Silas alete ufunguo wa pili."

Dakika sita zile zilikuwa ndefu. Wanjala aliendesha huku akijiambia kwamba ni upuuzi, kwamba atamkuta Mzee anakunywa chai, kwamba atafokewa. Alipofika, mlango wa nyumba ulikuwa wazi kidogo. Akabisha. "Hodi, Mzee! Hodi!" Hakuna sauti. Akausukuma.

Jamani!

Mzee Eliakim alikuwa amekaa chini, nyuma ya mlango, ameegemea ukuta. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Mwingine ulikuwa na soksi. Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwenye mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulilala kando yake kana kwamba si wake. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Alimtazama Wanjala, akataka kusema kitu, na sauti iliyotoka haikuwa maneno.

Kwa sekunde kadhaa Wanjala alishindwa hata kupiga magoti. Halafu akaiona ile karatasi kichwani mwake, karatasi ya dalili aliyoichapisha mwenyewe nakala mia moja. Uso umeenda upande. Mkono hauinuki. Maneno hayaeleweki. Usingoje, piga simu, taja saa.

Akapiga 911, namba ya dharura. Na yule mtu aliyekuwa anaanza na wageni waliotoka mbali, leo akaanza hivi:

"Mwanamume wa miaka sabini na mmoja ana dalili za kiharusi. Mdomo umeenda upande, mkono wa kushoto hausogei, hawezi kuongea. Saa moja na dakika thelathini na moja alikuwa mzima." Akataja barabara na namba ya nyumba. "Mlango uko wazi. Anapumua. Niko naye."

"Gari linakuja," mwanamke wa simu akasema. "Usimpe chakula wala maji wala dawa. Usikate simu."

Ndipo Wanjala akapiga magoti, akaushika ule mkono usiosogea, na machozi yakaanza kumtoka. "Mzee, niko hapa. Wanakuja. Niko hapa." Mzee alimkodolea macho tu. Ufunguo hakuuachia mpaka ambulensi ilipofika.

Hospitalini, daktari kijana alitoka mbio. Hakusalimu. "Nani aliyemkuta? Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi? Nataka saa, si makisio."

Wanjala akatoa simu, akaifungua, akampa. Daktari akautazama ujumbe, Wanjala akamtafsiria. Nimeuona. Navaa viatu. Saa moja na dakika thelathini na moja.

"Ameandika mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa mkono wake."

Daktari akageuka na kuondoka kwa kasi ile ile. Wanjala akampigia Dinah kazini kwake. "Dinah, baba yako yuko hospitali. Ni kiharusi. Yuko hai, madaktari wako naye. Njoo mlango wa dharura." Halafu akamwandikia Bi. Lund: "Mzee Eliakim amepata kiharusi. Niko naye hospitalini. Bernadetha anasimamia. Mchungaji amefungua mlango." Jibu likaja mara moja: "Nimeelewa. Tunaendelea. Kaa naye." Hakukuwa na salamu. Wanjala alilisoma, na kwa mara ya kwanza akaona lilikuwa limejaa upendo.

Jioni daktari aliwaketisha yeye na Dinah.

"Kulikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo," alieleza. "Kuna dawa ya kuiyeyusha, lakini ina saa zake chache tu. Zikipita, inaweza kudhuru badala ya kuponya. Wagonjwa wengi tunaletewa na hakuna anayejua walianguka saa ngapi, na hapo tunaogopa kuwapa. Presha yake ilikuwa juu mno, ikabidi tuishushe kwanza. Lakini muda tulikuwa nao, kwa sababu saa tulikuwa nayo."

Dinah alimgeukia Wanjala, mkono mdomoni. "Mimi ningerudi kutoka kazini saa kumi jioni," alisema kwa sauti ndogo. "Saa kumi, Wanjala. Ningemkuta saa kumi."

Kanisani siku hiyo walipimwa watu hamsini na wanane. Habari za Mzee zilipofika, hata wale waliokuwa wanajificha chooni wakatoka na kukunja mikono ya mashati. Tisa waliambiwa wamwone daktari wiki ile ile. Jedidah alikuwa mmoja wao. Alipooneshwa namba kwenye mashine alishtuka mpaka akaomba apimwe upya. Namba ikawa ile ile. Siku ya tatu akaanza dawa.

Mwalimu wa Wanjala alitaka ukurasa mmoja tu: umejifunza nini katika mradi huu? Wanjala alianza kwa kumshukuru mwalimu, na chuo, na wazazi wa mwalimu. Akasimama. Akafuta yote. Akaandika mstari wa kwanza: "Niliwasimamisha wauguzi wanne kwenye theluji kwa sababu niliificha tarehe nyuma ya salamu." Mengine yakafuata yenyewe. Alifaulu.

Sherehe ya kuhitimu waliifanya kanisani, Jumamosi ya pili ya Mei. Wanjala mwenyewe alishika kipaza sauti, na usidhani aliwahurumia watu. Salamu peke yake zilichukua dakika ishirini na tano. Pilau ikapoa. Bernadetha alikaa mbele kabisa anapiga makofi kuliko wote, kwa maana pale ndipo mahali pa salamu.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi ya siku hiyo, Wanjala alikuwa amemwandikia mtu mmoja: "Shikamoo Mzee. Ni leo. Saa nne. Tafadhali nijibu." Mzee Eliakim alikuwa ametoka kituo cha mazoezi ya viungo wiki ile. Mkono wa kushoto ulikuwa unarudi polepole. Jibu lilichelewa dakika saba, na Wanjala alizihesabu zote. Halafu simu ikalia.

"Nimeuona. Navaa viatu."

Wanjala aliyasoma maneno yale, yale yale ya siku ile. Akatoka nje kwenye maegesho. Akasimama hapo, amevaa joho lake la kuhitimu, anatazama saa na kutazama barabara. Jedidah alimwita aje apigwe picha. Hakwenda.

Saa nne kasoro dakika tano, gari la Dinah likaingia. Mlango ukafunguliwa. Kwanza ukatoka mkongojo. Halafu mguu mmoja, una kiatu. Halafu mguu wa pili, una kiatu.

"Unaangalia nini chini?" Mzee Eliakim akafoka. "Hujawahi kuona viatu?"